Siagi ya Nusret

Borovac, Jumatano, 12 Septemba 2012

Kaka Nusret,

Barua hii anakuletea Mato dereva pamoja na kifurushi. Ndani kuna soksi za sufu, pilipili za kuchoma kwenye chupa, na kahawa niliyoisaga mwenyewe. Nimemwambia Mato akukabidhi mkononi, maana simu zangu hupokei.

Tumeingia, kaka. Ligi ya Kanda, nchi saba. Ratiba imebandikwa kwenye dirisha la duka la mikate na watu wanasimama kuisoma kama majina ya waliofaulu mtihani. Zagreb watakuja hapa. Skopje watakuja hapa. Watu wa Brest, kutoka kule Belarusi, watakaa ndani ya basi siku mbili ili waje kucheza mpira wa mikono kwenye ukumbi wetu unaovuja upande wa kaskazini. Mzee Hasib, katibu wetu yuleyule, amenunua ndoo sita za kukinga maji na amezipaka rangi za klabu.

Sasa shida ni ulimbo wa kushikia mpira. Hasib aliagiza makopo ya dukani, meupe, yana picha. Ermin akajipaka vidoleni, akarusha mpira mara tatu, akasema unashika kama mkono wa mtu anayekuaga. Siku hizi Ermin ni nahodha, akisema anasikilizwa. Hasib akaja jikoni kwangu, akanywa vikombe vitatu vya kahawa, mwisho akaniambia nilikaa karibu na sufuria yako miaka kumi, kwa hiyo nipike.

Nimepika mara mbili. Mara ya kwanza ulitoka jiwe, mara ya pili asali. Niambie vipimo. Au bora zaidi uje mwenyewe. Hakuna aliyekukataza kurudi. Lile kopo bado limening'inia juu ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, lakini siku hizi wachezaji hawalicheki. Wanaligusa tu wanapotoka kwenda uwanjani, imekuwa mazoea.

Dada yako,
Zumra

*

Pohorje, Jumamosi, 15 Septemba 2012

Zumra,

Pilipili nimezila zote siku ileile. Asante.

Unaandika kana kwamba mimi nilitoka kwenda matembezi. Nitakukumbusha. Februari 2009 tulikuwa na mechi moja tu ya kuingia hiyo hiyo Ligi ya Kanda. Tuko nyuma kwa bao moja, sekunde zimekwisha, Ermin anapewa mtupo wa mita saba, yeye na kipa peke yao. Mpira ukamponyoka mkononi kabla ya wakati, ukapita juu ya goli, ukagonga saa ya ukutani. Ulimbo ulikuwa wangu. Wote waliokuwa mle ndani waliona vidole vya Ermin vikimetameta kama vya mtu aliyekula kuku.

Tangu siku hiyo nikiingia mkahawani mtu anaagiza mkate na kumwambia mhudumu alete na siagi ya Nusret. Nikienda kwa kinyozi, siagi. Kwenye mazishi ya mjomba, Zumra, mazishini, mtu aliniuliza kama nimekuja na siagi. Halafu wakachukua kopo langu tupu la ulimbo, wakaliandika SIAGI kwa rangi nyeupe, wakalitundika juu ya mlango. Nilivumilia miezi mitatu. Kwa hiyo usiniambie wanaligusa.

Vipimo sina. Sikusoma hata darasa la saba, sikuwahi kupima kitu kwa mizani. Sikiliza tu. Chukua utomvu wa msonobari mweusi wa upande wa jua, ule uliokauka ukawa mweupe kwa nje. Uyeyushe kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, usiweke moto moja kwa moja, utaunguza nyumba. Uchuje kwa soksi ya nailoni. Weka nta ya nyuki kama yai la njiwa. Mafuta ya alizeti mwisho kabisa, kidogo kidogo, na hapo ndipo kazi ilipo. Chovya kijiti, dondosha kwenye kidole cha shahada, gusanisha na kidole gumba, hesabu mpaka tatu, achanisha. Ukiwa tayari utatoa mlio. Si mlio wa kuchanika, ni kama midomo ya mtoto anayeachia ziwa. Usiposikia, bado. Mimi siwezi kukujaribia kutoka huku.

Nimekuwekea chupa ya utomvu wa huku milimani. Nauokota Jumapili. Changanya nusu kwa nusu na wa kwetu.

Kurudi sirudi. Kazi ipo, kiwanda kilekile cha mbao. Wamenitoa kwenye msumeno, sasa napanga mbao. Mgongo unauma lakini ni kazi. Nisamehe mwandiko, kalamu mbovu.

Nusret

*

Borovac, Jumatano, 10 Oktoba 2012

Kaka,

Nimeusikia mlio. Sufuria ya tano. Nilikuwa peke yangu jikoni, nikaachanisha vidole, ukalia, nikakaa chini sakafuni nikacheka kama mwendawazimu. Nilirudia mara ishirini.

Zagreb wamekuja wametufunga kwa tofauti ya mabao tisa. Usisikitike. Ungekuwepo ungenielewa. Mtupaji wao wa kushoto, mrefu kama mlango wa ghala, aliruka kutoka mita kumi. Aliruka, kaka, na akakaa kulekule juu. Mabeki wetu waliruka naye, wakashuka, wakasimama wakamtazama, yeye bado yuko hewani anachagua kona. Watu elfu mbili wakanyamaza. Hawakunyamaza kwa huzuni, walinyamaza vile tunavyonyamaza theluji kubwa inapoanza. Kisha wakampigia makofi, adui, bao la ishirini na moja. Hasib alikuwa amesimama na ndoo yake imejaa maji, ameisahau, yanammwagikia viatuni.

Ermin alifunga manane. Baada ya mechi alinionyesha kiganja chake, akaenda kuoga.

Hasib anataka nisafiri nao. Anasema ulimbo una tabia, unataka mwenyewe. Mimi, ambaye mbali nilikofika ni Tuzla kung'oa jino. Tutakwenda Skopje, tutakwenda Novi Sad, tutakwenda mpaka Brest.

Kitu kimoja. Mwandiko wako umekuwa wa mtoto. Herufi zimelala kila upande. Najua unaniandikia haraka haraka umalize, kwa hasira. Unayo haki. Lakini andika taratibu hata kama umekasirika.

Zumra

*

Pohorje, Jumamosi, 20 Oktoba 2012

Zumra,

Sina hasira na wewe. Niwe na hasira na wewe kwa nini? Wewe peke yako ndiye ambaye hukunitamkia hilo neno la siagi.

Sasa unasafiri, kwa hiyo kuna jambo lazima ulijue, na hili nimelipata kwa kulifikiria miaka yote hii kiwandani. Kila ukumbi una hewa yake. Ukumbi wa baridi unakausha ulimbo, ongeza mafuta. Ukumbi wa joto unaulegeza, punguza. Hilo ulilijua. Lakini usipime ukumbi mtupu. Ukumbi mtupu unadanganya. Asubuhi unaingia unaona pumzi yako inatoka kama moshi, jioni wanaingia watu elfu mbili na makoti yao na ngoma zao, na kunakuwa kama ndani ya tanuri la mikate. Pima watu, usipime kuta.

Siku ile nilipima watu. Nakumbuka. Boila la kupashia ukumbi joto lilikuwa limekufa, mle ndani ni barafu, na mimi nikasema hapana, usiku watajaa, nikaacha mafuta vilevile. Nilijaribu kwa kidole, ukalia. Nikaenda kulala kidogo baada ya chakula cha mchana, nikaamka, nikabeba kopo, nikampa Ermin. Nimeipitia siku hiyo saa kwa saa, sioni nilipokosea. Kwa hiyo kosa ni mikono yenyewe. Iliniambia uko tayari na haukuwa tayari. Miaka kumi inasema kweli, siku moja inasema uongo, na hujui ni siku gani.

Mtu ambaye haamini mikono yake ni afadhali apange mbao.

Lojze, msimamizi wetu hapa, ameona kwenye gazeti kwamba Borovac watacheza Celje tarehe 2 Machi. Aliniuliza kama mtakuja na basi au kwa mikokoteni ya nyasi.

Nusret

*

Borovac, Jumatano, 5 Desemba 2012

Kaka,

Barua yako nimekaa nayo wiki sita. Nisamehe. Nimeisoma Skopje, nimeisoma Novi Sad, nimeisoma mpakani tukisubiri mihuri.

Skopje kulikuwa na watu elfu sita wanaimba pamoja. Benchi lilitetemeka chini yangu mpaka kifungo cha koti langu kikalegea. Tulifungwa, lakini kwa mawili. Wazee wao walishuka jukwaani baada ya mechi kuwashika vijana wetu mikono, na mmoja alinusa kiganja cha Ermin, akafumba macho, akasema baba yake alikuwa akipika namna hii.

Brest tulisafiri saa thelathini na nne. Theluji ilifunika vibao vya barabarani. Tulipofika ulimbo kwenye chupa zote tatu ulikuwa umegeuka kioo, unaweza kuvunjia dirisha. Nilizikumbatia chini ya koti, moja kwapani huku, moja kwapani kule, moja tumboni, nikakaa hivyo saa tatu nikiwa kama kuku anayeatamia, na vijana wanapita wananiuliza vifaranga lini. Nikangoja mpaka watu wakaingia ukumbini. Nikapima watu, kama ulivyosema, ndipo nikaongeza mafuta, matone saba. Kaka, tumewafunga. Kule kwao. Bao moja. Ermin alipofunga la mwisho ukumbi wote ulitoa pumzi mara moja, nikaisikia ikipita juu ya kichwa changu kama ndege wengi.

Hatukupiga kelele. Tuliona haya. Tulikaa chumba cha kubadilishia nguo tukitazamana, watu wa Borovac, na Hasib akasema kwa sauti ya msikitini, "Sasa nani atatuamini."

Kuna jambo nataka kukuandikia. Si leo.

Zumra

*

Pohorje, Jumamosi, 8 Desemba 2012

Zumra,

Nilisikiliza redioni. Tuko kumi na mbili bwenini, wengi hawajui mpira wa mikono ni nini, lakini niliwanyamazisha wote. Matangazo yalikuwa kwa lugha yao ya Brest, nilikuwa naelewa jina la Ermin tu na namba. Ilitosha.

Jambo gani? Kama kuna aliyekufa niambie. Kama wewe unaumwa niambie. Usinifanye nihesabu Alhamisi za basi la Mato.

Matone saba ni sawa. Mimi ningeweka manane, lakini wewe ndiye ulikuwepo.

Celje sitakuja. Nina zamu.

Nusret

*

Borovac, Jumatano, 27 Februari 2013

Kaka Nusret,

Barua hii utaipata kesho jioni. Keshokutwa tunaondoka, Jumamosi tunacheza Celje, kilomita arobaini kutoka kitandani kwako. Unajua msimamo. Wa mwisho anatoka kwenye ligi, na wa mwisho ni sisi au wale wa Novi Sad. Sare inatubakisha. Tukifungwa, Borovac inarudi kucheza na vijiji, na mimi sidhani kama maisha yangu yatatosha kuona tukiingia tena.

Lakini siandiki kwa ajili hiyo. Naandika kwa sababu sitaki uingie ukumbini, au ukae bwenini, bila kujua.

Siku ile ya Februari, ulipolala baada ya chakula, nilikwenda ukumbini kumpelekea Hasib funguo. Mle ndani palikuwa na baridi ya kaburi. Pumzi yangu ilikuwa moshi. Nikaona barafu kwenye bomba la maji. Nikafikiri, Nusret hakujua boila limekufa, ulimbo utakuwa jiwe, vijana wataumia. Nikarudi nyumbani. Wewe unakoroma. Nilijua ukiamshwa unakuwa mkali. Nikapasha sufuria, nikaongeza mafuta, vijiko viwili vya chakula, nikakoroga, nikamimina kwenye kopo, nikafunga. Nilitaka kukuambia ulipoamka. Ukaamka umechelewa, ukalibeba ukakimbia.

Nilikuwa jukwaani. Nilianza kuvua koti nusu ya kwanza, kwa joto. Nikavua sweta. Nikaelewa. Nilikuwa na dakika thelathini za kushuka nikakuambia na sikushuka.

Kisha nikasema nitakuambia nyumbani. Kisha mkahawa ukaanza, na kinyozi, na mazishi. Kila siku jambo lilikuwa kubwa kuliko jana, na mimi mdogo kuliko jana. Ulipopanda basi la Mato nilikubebea begi. Nilikubebea begi, kaka, na nikakuambia ujifunike vizuri.

Mikono yako haikukosea. Ulisema ukweli, ulipima watu. Mimi nilipima kuta.

Nitakuwa nyuma ya benchi letu, koti jekundu. Ukija unitemee mate mbele ya watu, nitasimama palepale.

Zumra

*

Pohorje, Jumapili, 3 Machi 2013

Zumra,

Nilikuchukia kuanzia Alhamisi saa kumi na moja jioni mpaka Jumamosi mechi ilipoanza. Nakuandikia kwa kuwa ni kweli. Niliivunja chupa ya kahawa yako. Ijumaa nilipanga mbao kama mtu anayepigana nazo, Lojze akanisogelea akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, kuna mtu amefufuka na sijui nimfanye nini.

Nilikuwepo. Koti jekundu nililiona. Nilikaa safu ya juu kabisa, karibu na dari, na Lojze kando yangu, maana nilimwambia kama anataka kuona mikokoteni ya nyasi alipe tiketi yake aje.

Sijawahi kuwatazama kutoka juu. Miaka yote nilikuwa chini nyuma ya benchi na makopo, naona viatu na magoti. Kutoka juu ni kitu kingine. Wanatembea kama maji. Mpira unatoka mkono huu unaingia mkono ule na hakuna anayeutazama. Nilikuwa nauona ulimbo wangu, wetu, mpira unavyokaa kwenye kiganja kilichogeukia chini na hauanguki. Mtu ananing'iniza mpira kwa ncha za vidole kama anabeba taa. Nilipika hiki kitu miaka kumi na sikujua ni kwa ajili ya hili. Nilidhani ni kazi ya jikoni.

Lojze dakika ya kumi alikuwa bado anachekesha. Dakika ya arobaini alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Halafu ile ya mwisho. Wao ishirini na saba, sisi ishirini na sita. King'ora kimeshalia, saa ni sifuri, na mwamuzi ananyoosha mkono mita saba. Ermin. Nilitaka kutoka nje. Nilikuwa nimeshasimama. Nilimwona anainama, anagusa kisigino cha kiatu, pale wanapoweka akiba ya ulimbo. Ananyanyuka. Na mbele ya watu wote wale, kipa anamngoja, mwamuzi anamngoja, yeye anaweka kidole cha shahada juu ya kidole gumba, karibu na sikio, na anaachanisha. Mara moja tu. Nilimfundisha mimi, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa.

Kule juu huwezi kusikia kitu. Mimi nilisikia.

Na mkono wangu mfukoni ukafanya vilevile, wenyewe, na haukupata cha kugusa. Sasa na mimi nikuambie langu. Sina kidole gumba cha kulia, wala cha shahada. Msumeno, Januari ya mwaka jana. Ndiyo maana nilitolewa nikapewa mbao. Ndiyo maana mwandiko ni wa mtoto, ni mkono wa kushoto, unajifunza. Ndiyo maana simu sipokei, ningekuambia. Si zamu, si hasira, si kopo. Nilisema nirudi Borovac nikafanye nini, mpika ulimbo asiye na vidole vya kujaribia, mtu wa siagi na sasa hata siagi haishiki. Nilifikiri Mungu amekata palepale palipokosea. Nilikubali, Zumra. Unaelewa? Nilikubali kwamba ni haki.

Ermin alitupa. Sikuuona mpira, niliona wavu. Elfu nne wamenyamaza na sisi mia mbili pale kona tumenyamaza pia, ilichukua muda kama wa kuvuta pumzi kabla mtu yeyote hajakumbuka kwamba ni sare na tumebaki. Lojze akavaa kofia yake, akaivua tena. Akasema, "Nusret, hawa ndugu zako wanatoka wapi." Nikamwambia wanatoka Borovac. Nikalia kama mjinga, nimeegemea nguzo.

Sikushuka kwa sababu ningeshuka ningekupiga au ningekukumbatia, na sikujua lipi. Bado sijui. Umeninyang'anya miaka minne na umenirudishia mikono, na mmoja wa hiyo mikono nusu haupo. Fanya hesabu wewe, mimi sikusoma.

Nusret

*

Borovac, Jumatano, 13 Machi 2013

Kaka,

Mato anasema niliisoma barua yako nimesimama barabarani na magari yakinipigia honi. Sikumbuki. Nakumbuka nilirudi nyumbani nikautazama mkono wangu wa kulia mpaka jua likazama.

Sitakuomba msamaha kwenye karatasi. Nimefanya kingine, nakueleza.

Jumapili mkahawa wa mbele ya ukumbi ulikuwa umejaa. Wanazungumzia Celje, ni wiki ya pili hawazungumzii kingine. Mimi huwa siingii pale, unajua, wanawake hatuingii, hakuna aliyekataza lakini hatuingii. Niliingia. Nikakaa meza ya katikati. Nikamwambia mhudumu aniletee mkate na siagi.

Wakacheka. Walicheka kwa upendo, kaka, siku hizi wananipenda. Fundi viatu akageuka na kiti chake chote, akaniuliza, "Siagi ya nani, Zumra?"

"Yangu," nikasema. "Siku zote ilikuwa yangu."

Wakacheka tena, kidogo. Nikawaeleza. Baridi, bomba, wewe umelala, vijiko viwili, sweta. Niliwaeleza mpaka begi. Nilipofika kwenye begi hakukuwa na mtu anacheka. Kisha nikawaambia kuhusu vidole vyako. Hilo hukuniruhusu, lakini nimeshasema.

Fundi viatu aligeuza kiti chake, akawa ananipa mgongo. Sijui kama ni kwa hasira au haya. Hasib alikuwa amefunika uso kwa gazeti la juzi. Ermin ndiye aliyesimama. Nilidhani ananijia mimi. Alisimama tu pale, na mkono wake ule mkubwa mezani, akauliza vilikuwa vijiko vya chai au vya chakula. Nikamwambia vya chakula. Akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema, "Miaka minne nilijua ni mkono wangu. Niliwaacha waseme siagi kwa sababu ilikuwa nafuu kwangu."

Halafu akatoka. Hakumaliza kahawa.

Kwa hiyo mlikuwa wawili, kaka. Mlilala na jambo moja miji miwili, na mimi nilikuwa nalo mfukoni.

Watu sasa wamegawanyika. Wengine hawanisalimu, na mimi nawasalimu. Mama mmoja sokoni, pale ninapouza mayai, aliniambia hatanunua kwangu hata yai. Ni sawa. Ulimbo wanachukua bado, maana Jumamosi ijayo tunacheza ligi ya nyumbani. Lakini wanataka upikwe na wewe. Hasib anasema una pua, una macho, una sikio, na kidole cha kujaribia anaweza kukipata popote mjini. Alileta ngazi jana kutoka shuleni ili alishushe kopo. Amelifikia, ameshika kamba, nikamwambia angoje mpaka nikuulize.

Lishushwe? Litupwe, au tulizike, au nikuletee?

Zumra

*

Pohorje, Jumamosi, 16 Machi 2013

Zumra,

Mwambie Hasib ashuke kwenye ngazi kabla hajavunjika nyonga. Kopo mliache. Wala msilifute maandishi.

Lojze nimeshamuaga. Amenipa kofia yake, ni kubwa, inanifika masikioni. Mato amenipa kiti cha nyuma yake, Jumapili ijayo, tarehe 24. Tutafika Borovac mchana. Sitaki watu kituoni. Wewe uje, uvae koti jekundu, tutaona ni kipi nitafanya, na chochote nitakachofanya usimame palepale kama ulivyoahidi.

Anza kuyeyusha Jumamosi. Chuja mara mbili. Nta weka, mafuta usiguse. Usiguse, umesikia. Mafuta tutaweka pamoja. Mimi nitanusa na kukuambia lini, na wewe utanyoosha vidole vyako karibu na sikio langu.

Kisha tutakwenda ukumbini, na ile ngazi iwe hapo. Kopo nitalitungua mwenyewe, kwa huu wa kushoto.

Nusret